‘Isipokuwa’: Neno dogo linalowasumbua majaji, madaktari na akina mama Marekani

AGOSTI 2022, jijini Austin katika jimbo la Texas, Amanda Zurawski alikuwa na mimba ya wiki 18. Haikuwa mimba ya bahati mbaya. Yeye na mumewe walikuwa wameitafuta kwa muda mrefu, wakipitia matibabu ya uzazi, na tayari mtoto alikuwa amepewa jina.

Kisha chupa ikapasuka mapema mno. Madaktari wakawaeleza ukweli wenyewe: mtoto huyo hangeweza kuishi.

Ungedhani kilichofuata ni matibabu. Wapi! Moyo wa kijusi ulikuwa bado unapiga, na sheria ya Texas ilikataza kuavya mimba moyo ukiwa unapiga, isipokuwa kama kuna dharura ya kiafya. Amanda mwenyewe hakuwa amezidiwa. Hakuwa na joto, alikuwa anaongea vizuri. Kwa hivyo kilichobaki kilikuwa kusubiri.

Alisubiri hadi maambukizi yakaingia kwenye damu na maisha yake yakawa hatarini. Hapo ndipo madaktari walipoona sasa sheria inawaruhusu kumhudumia. Alipelekwa ICU. Alipona, lakini mmoja wa mirija yake ya uzazi uliziba kabisa.

Aprili 2023 alikaa mbele ya kamati ya Seneti mjini Washington akasimulia haya yote. Kufikia wakati huo alikuwa tayari ameshtaki jimbo lake.

Swali lililokuwa katika kesi yake ndilo linalozunguka katika mahakama za majimbo mengi ya Marekani hadi leo. Si lile swali ambalo sisi huchapana maneno nalo kwenye WhatsApp, eti nani anapinga na nani anaunga mkono. Ni swali finyu zaidi na gumu zaidi: sheria ikisema “isipokuwa maisha ya mama yakiwa hatarini”, hatari hiyo inaanza wapi? Na nani anaamua?

Walifikaje hapo?

Turudi nyuma kidogo. Mnamo Januari 22, 1973, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi maarufu ya Roe dhidi ya Wade. Kesi hiyo pia ilitoka Texas. Mwanamke aliyeitwa mahakamani “Jane Roe” jina lake halisi lilikuwa Norma McCorvey. Mmoja wa mawakili wake, Sarah Weddington, alikuwa na umri wa miaka 26 tu aliposimama mbele ya majaji kwa mara ya kwanza.

Majaji saba dhidi ya wawili walisema Katiba ya Marekani inamlinda mwanamke anayetaka kuavya mimba, hasa katika miezi ya kwanza. Sheria za majimbo mengi zikaanguka siku moja.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba McCorvey mwenyewe hakuwahi kuavya ile mimba. Kesi ilichukua muda mrefu, akajifungua, na mtoto akalelewa na familia nyingine. Miaka mingi baadaye, McCorvey alijiunga na wanaopinga uavyaji mimba.

Uamuzi huo ulidumu miaka 49. Mwaka wa 2018 jimbo la Mississippi lilipitisha sheria ya kupiga marufuku uavyaji baada ya wiki 15. Kliniki pekee iliyokuwa ikitoa huduma hiyo jimboni, jengo la rangi ya waridi jijini Jackson, ikaenda mahakamani.

Kesi hiyo, Dobbs dhidi ya Jackson Women’s Health Organization, ndiyo iliyobomoa kila kitu. Mnamo Juni 24, 2022, Mahakama ya Juu ilisema Roe iliamuliwa vibaya tangu mwanzo, kwamba Katiba ya nchi haina haki kama hiyo, na suala lote lirudishwe kwa wananchi na wabunge wao.

Kliniki ile ya waridi ilifungwa wiki chache baadaye.

Kila jimbo na lake

Kwa Mkenya, si rahisi kuelewa maana ya “kurudishwa kwa majimbo”. Hebu fikiria hivi. Uko Roysambu, kaunti ya Nairobi, unaruhusiwa kufanya jambo fulani hospitalini. Unapanda matatu, unashuka Ruiru, kaunti ya Kiambu, na daktari anayekufanyia jambo lile lile anafungwa maisha. Kaunti zetu hazina mamlaka hayo. Majimbo ya Marekani yanayo.

Majimbo kama California na New York yaliendelea kuruhusu. Mengine zaidi ya 10, mengi yakiwa ya kusini, yalipiga marufuku karibu kabisa. Mengine yakaweka mpaka wa wiki sita, wakati ambapo wanawake wengi hata hawajajua kwamba wana mimba.

Kuna yale yaliyofufua sheria zilizokuwa zimelala kaburini. Aprili 2024, Mahakama ya Juu ya Arizona ilisema sheria ya mwaka wa 1864 inaweza kutumika. Mwaka wa 1864 Arizona haikuwa hata jimbo, na mwanamke hakuwa na haki ya kupiga kura. Kelele zilizofuata zilikuwa kubwa kiasi kwamba wabunge waliifuta sheria hiyo kabla ya majuma manne kuisha. Huko Wisconsin mabishano yalihusu sheria ya 1849, hadi Julai 2025 ambapo majaji wanne dhidi ya watatu walisema ilishapitwa na sheria zilizokuja baadaye.

Texas haikuhitaji kufufua chochote. Ilikuwa imejiandaa. Tangu Septemba 2021 ilikuwa na sheria inayomruhusu raia yeyote kumshtaki mtu aliyesaidia kuavya mimba ambayo moyo wa kijusi umeanza kupiga, na kulipwa angalau dola 10,000 akishinda. Agosti 2022 ikaongeza sheria nyingine: daktari anayekiuka anaweza kufungwa hadi maisha, kutozwa angalau dola 100,000 na kupoteza leseni. Mwanamke mwenyewe hashtakiwi. Mzigo wote uko juu ya daktari.

Sasa jiweke katika viatu vya daktari huyo. Ni saa nane usiku. Mgonjwa wako bado hajazidiwa, lakini unajua anakoelekea. Ukimtibu sasa, huenda mwendesha mashtaka akauliza mbona hukungoja. Ukingoja, huenda akafa. Ungefanya nini?

“Kuamini” hakutoshi

Desemba 2023 swali hilo lilipewa uso mwingine. Kate Cox, mama wa watoto wawili kutoka eneo la Dallas, alikuwa na mimba ya takriban wiki 20. Vipimo vilionyesha kijusi kina hitilafu ya kromosomu ambayo kwa kawaida humuua mtoto kabla ya kuzaliwa au muda mfupi baadaye. Tayari alikuwa amejifungua mara mbili kwa upasuaji, na madaktari walimweleza kwamba kuendelea na mimba hiyo kungeweza kuharibu uwezo wake wa kuzaa tena.

Hakungoja augue kwanza. Alienda mahakamani akiwa bado mjamzito, akiomba ruhusa. Watu hawakuwa wameona jambo kama hilo tangu enzi za Roe.

Alhamisi, Desemba 7, jaji wa mahakama ya chini alimpa amri ya muda ya kumruhusu. Siku hiyo hiyo Mwanasheria Mkuu wa Texas, Ken Paxton, aliziandikia hospitali tatu za Houston akizionya kwamba amri hiyo haitazikinga dhidi ya mashtaka. Ijumaa usiku, Mahakama ya Juu ya Texas ikaisimamisha amri. Jumatatu, Cox alikuwa ameshaondoka jimboni kutafuta huduma kwingine, na jioni yake majaji wakatoa uamuzi: ombi limekataliwa.

Sababu ya majaji inastahili kusomwa polepole. Daktari wake alikuwa ameieleza mahakama kwamba anaamini kwa nia njema kwamba Cox anafaa kuhudumiwa chini ya ile “isipokuwa”. Majaji wakasema kuamini kwa nia njema hakutoshi. Sheria inataka uamuzi wa kitabibu unaokubalika kwa kipimo cha madaktari wengine. Vilevile walisema si kazi ya mahakama kutoa ruhusa mapema. Daktari aamue mwenyewe.

Yaani, daktari aamue mwenyewe, kisha baadaye, ikibidi, mahakama itaamua kama aliamua vizuri. Adhabu ya kukosea ni kifungo cha maisha.

Kesi ya Amanda Zurawski nayo ilifika mwisho Mei 31, 2024. Wakati huo walalamishi walikuwa wanawake 20 na madaktari wawili. Majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu ya Texas waliwakatalia. Lakini walisema jambo moja muhimu: sheria haimlazimishi daktari kungoja hadi mama awe anakata roho. Kwa maoni yao, sheria iko wazi, na daktari anayengoja hivyo ameielewa vibaya.

Mawakili wa wanawake wakauliza: kama iko wazi, mbona madaktari wengi hivyo, waliosoma miaka mingi, na hospitali zenye mawakili wao wenyewe, wote wameielewa vibaya?

Wanaopinga wana hoja pia

Ni rahisi kusimulia haya yote kana kwamba upande mmoja una akili na mwingine hauna. Sivyo.

Wanaotetea sheria kali wanaanzia kwenye imani kwamba kijusi ni binadamu tangu kutungwa kwa mimba. Ukikubali hilo, mengine yote yanafuata: serikali lazima imlinde asiye na sauti, na “isipokuwa” lazima iwe finyu, kwa sababu unazungumzia maisha ya watu wawili.

Wana pia sababu ya kihistoria ya kuogopa maneno mapana. Siku ile ile ya Roe mwaka wa 1973, mahakama iliamua kesi nyingine kutoka Georgia, Doe dhidi ya Bolton, ikasema “afya” ya mama inajumuisha hali ya mwili, hisia, akili, familia na hata umri. Wapinzani wakasema hapo hakuna tena “isipokuwa”. Mlango umefunguliwa wote. Ndiyo maana Texas haikuandika neno “afya” hivi hivi. Iliandika hatari ya kifo au madhara makubwa kwa utendaji muhimu wa mwili.

Hoja yao ya tatu ni ya kidemokrasia: jambo zito kama hili lisiamuliwe na majaji tisa ambao hakuna aliyewapigia kura. Liamuliwe na wananchi.

Na wananchi wameamua, ila si jinsi wengi walivyotarajia. Agosti 2022, Kansas, jimbo la kihafidhina, lilipiga kura kuhusu kuondoa ulinzi wa uavyaji mimba katika katiba yake. Takriban asilimia 59 walikataa. Ohio iliweka haki hiyo katika katiba yake mwaka wa 2023. Mwaka wa 2024, Missouri na Arizona zikafuata. Florida ilipata asilimia 57 na bado ikashindwa, maana huko ilihitajika asilimia 60. Lakini mwaka huo huo wapiga kura wa South Dakota walikataa pendekezo la kuruhusu, na wa Nebraska wakachagua mpaka wa miezi mitatu ya kwanza.

Texas haikuwapa wananchi kura ya maoni. Lakini Juni 2025 gavana alitia saini sheria mpya, iliyopitishwa na wabunge wa pande zote mbili, ikieleza waziwazi kwamba daktari halazimiki kungoja hatari iwe mlangoni, na kuagiza madaktari na mawakili wapewe mafunzo kuihusu. Marufuku yenyewe haikuguswa. Kilichorekebishwa ni ile “isipokuwa”. Kwa maneno mengine, hata walioiandika walikubali kwamba haikuwa inaeleweka.

Na sisi je?

Unaweza kusema, hayo ni mambo ya Wamarekani, sisi tuna yetu. Ni kweli kiasi. Lakini kumbuka kwamba tangu 1984, kila Rais wa chama cha Republican ameyazuia mashirika ya nchi za nje yanayopata pesa za Marekani za afya kuhusika na uavyaji mimba, na kila Rais wa Democrat ameondoa zuio hilo. Donald Trump alilirudisha Januari 2025. Wanachoamua Washington hufika hadi kliniki za mitaani kwetu.

Tena, sisi pia tuna “isipokuwa” yetu. Iko katika Katiba ya 2010, kifungu cha 26(4). Kinasema uavyaji mimba hauruhusiwi isipokuwa kama, kwa maoni ya mtaalamu wa afya aliyehitimu, kuna haja ya matibabu ya dharura, au uhai au afya ya mama iko hatarini, au kama sheria nyingine iliyoandikwa inaruhusu. Viongozi wengi wa makanisa waliipinga rasimu ya Katiba kwa sababu ya maneno hayo. Wakenya waliipitisha Agosti 4 mwaka huo.

Ukilinganisha na Texas, yetu ni pana. Ina neno “afya”. Inasema “kwa maoni ya” mtaalamu, ilhali Texas ilisema imani ya daktari haitoshi. Na Sheria ya Afya ya 2017 inafafanua mtaalamu huyo ni nani: anaweza kuwa daktari, muuguzi, mkunga au afisa wa kliniki.

Shida ni kwamba kando ya Katiba kuna Kanuni ya Adhabu ya enzi za mkoloni, na hiyo haijafutwa. Anayetoa mimba kinyume cha sheria, miaka 14. Mwanamke mwenyewe, miaka 7. Hapa tumewazidi Texas. Anayempa dawa au vifaa, miaka 3. Maneno “kinyume cha sheria” yanamaanisha nini hasa kwa muuguzi aliye peke yake zamu ya usiku?

Mwaka wa 2012 Wizara ya Afya ilitoa mwongozo wa kumjibu muuguzi huyo. Desemba 2013 ikauondoa. Mwaka uliofuata, msichana mmoja kutoka kaunti ya Kisii, ambaye mahakama ilimtambua kwa herufi JMM pekee, alibakwa akapata mimba. Aliavya mikononi mwa mtu asiyefaa, kwa njia isiyo salama. Alizungushwa kutoka hospitali moja hadi nyingine. Figo zake zikafeli.

Kesi iliyowasilishwa kwa niaba yake iliamuliwa na majaji watano wa Mahakama Kuu mnamo Juni 12, 2019. Walisema kuondoa mwongozo ule kulikiuka Katiba. Walisema kuavya mimba bado ni kosa nchini Kenya, ila palipo na “isipokuwa”, na kwamba mimba iliyotokana na ubakaji inaweza kuingia humo ikiwa mtaalamu anaona afya ya mama, ya mwili au ya akili, iko hatarini. Mamake aliamriwa kulipwa Sh3 milioni.

Mamake, kwa sababu JMM hakuwepo kusikia. Alifariki mwaka wa 2018.

Huenda wewe unaamini kwamba uavyaji mimba ni dhambi. Huenda unaamini ni haki ya mwanamke. Vijana wengi ninaowajua wako katikati, na hubadilisha msimamo kulingana na stori waliyosikia karibuni. Mjadala huo hautaisha kesho, wala hauwezi kumalizwa na majaji, wawe wa Texas au wa Milimani.

Lakini pale ambapo pande zote mbili tayari zimekubaliana, kwamba mama asiachwe afe, sheria isiyoeleweka haina kisingizio. Iwe pana, iwe finyu, muuguzi wa zamu ya usiku anafaa kuweza kuisoma na kujua afanye nini kabla mgonjwa hajaanza kutetemeka kwa homa. Amanda Zurawski aliwahi kufika ICU. JMM alipata hukumu iliyomtetea akiwa amekufa mwaka mzima.

Kwa hivyo, mjadala huu ukizuka tena kwenye grupu lenu, kabla ya kuuliza nani yuko upande upi, ulizeni hili kwanza: katika hospitali iliyo karibu nanyi, yule atakayekuwa zamu leo usiku anajua sheria inamruhusu kufanya nini?